Kiungo Kinapofungua Programu Nyingine: Somo kwa Mtumiaji wa Kompyuta na Simu

Utangulizi

Kuanzia Same mjini hadi vijiji vilivyo juu kwenye Milima ya Upare, shughuli nyingi ambazo zamani zilihitaji safari sasa huanza kwa kubofya kiungo. Mwanafunzi huomba mkopo wa elimu ya juu, mzazi huomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, na mkulima hupokea malipo ya mazao kwa simu. Asiye na kompyuta huenda kwenye duka la steshenari, ambapo kijana wa dukani humjazia fomu, humwandikia barua na kumchapia nakala.

Mtu anapobofya kiungo hutarajia ukurasa mwingine wa tovuti ufunguke, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Hata hivyo, vipo viungo ambavyo kivinjari hakivifungui chenyewe, bali huvikabidhi kwa programu nyingine iliyomo kwenye kifaa: programu ya barua pepe, kipiga simu, au kihariri cha maandishi. Utaratibu huu una manufaa makubwa, nao ni njia halali. Lakini ni mlango, na kila mlango hupitisha mwenyeji na mgeni asiyealikwa.

Somo hili linaeleza jinsi mlango huo unavyofanya kazi kwa mifano miwili kutoka Kighare. Mifano yenyewe imetungwa kwa ajili ya kufundishia, ila mbinu zilizomo ndani yake ni za kweli. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kutambua kiungo kinachokwenda nje ya kivinjari, kukitumia kwa faida yake, kukikataa inapobidi, na kuchukua hatua iwapo amekwisha kubofya.

Kiungo husomwaje?

Kila kiungo kina anwani, na kila anwani huanza kwa neno fupi linalofuatwa na nukta mbili. Katika somo hili tutaliita neno tangulizi. Neno hilo ndilo linaloiambia kompyuta au simu ni nani anayepaswa kupokea kiungo. Baadhi ya maneno tangulizi ambayo msomaji hukutana nayo ni haya:

- https: ukurasa wa tovuti unaosafirishwa kwa njia iliyofungwa kwa siri. Hupokelewa na kivinjari chenyewe.
- mailto: barua pepe mpya. Hupokelewa na programu ya barua pepe.
- tel: namba ya simu. Hupokelewa na kipiga simu.
- sms: ujumbe mfupi. Hupokelewa na programu ya ujumbe, mara nyingine maneno yakiwa yamekwisha kuandikwa.
- whatsapp: mazungumzo ya WhatsApp.

Utaratibu huu si mpya. Desemba 1994, Tim Berners-Lee na wenzake walichapisha waraka wa kanuni za anwani za intaneti, na tayari neno mailto lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyoorodheshwa. Kanuni ziliacha nafasi ya kuongeza maneno mapya, na hapo ndipo ilipo nguvu ya utaratibu huu. Mtengenezaji yeyote wa programu anaweza kuchagua neno lake na kulisajili kwenye kifaa. Kwa mfano, kihariri cha Visual Studio Code, kinachotumiwa na waandishi wa programu, husajili neno vscode, na kiungo chenye neno hilo kinaweza kufungua faili moja kwa moja, hata kwenye mstari fulani.

Kivinjari kinapokutana na neno tangulizi kisilolijua, hakijaribu kulielewa. Huuliza mfumo endeshi wa kifaa: je, yupo aliyesajiliwa kupokea neno hili? Akiwepo, kwa kawaida kivinjari humwonesha mtumiaji dirisha dogo la kuomba ruhusa. Mtumiaji akikubali, kiungo chote hukabidhiwa kwa programu ile, na kazi ya kivinjari huishia hapo. Kitakachofuata kinategemea programu iliyopokea. Msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa sehemu zote zinazofuata zinalitegemea.

Mfano wa kwanza: duka la steshenari

Tuchukue mfano wa kijana mwenye duka la steshenari Kighare. Kwenye kompyuta yake ana vielelezo vya barua zaidi ya hamsini: barua ya kuomba kazi, mkataba wa kukodisha shamba, muhtasari wa kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, taarifa ya upotevu wa kadi ya benki. Mteja anapofika, kijana hutafuta folda hadi folda. Ametengeneza ukurasa wenye orodha ya vielelezo vyote, unaofunguka katika kivinjari. Anataka akibofya jina la kielelezo, kifunguke katika Notepad, kihariri rahisi cha maandishi kinachokuja na Windows, ili aanze kuandika papo hapo.

Akitumia kiungo cha kawaida, kivinjari kitaonesha maandishi ya kielelezo kama ukurasa wa kusoma tu, wala hataweza kuyahariri. Anahitaji neno tangulizi lake mwenyewe. Hatua za kufanya hivyo ni tano.

Hatua ya kwanza: kuchagua neno. Neno lianze kwa herufi, liwe fupi, na lisiwe neno linalotumiwa na programu nyingine. Kijana wetu amechagua barua. Hivyo kiungo cha mkataba wa shamba kitaandikwa barua:mkataba-shamba.txt. Inashauriwa majina ya faili yawe ya herufi ndogo bila nafasi kati ya maneno, kwa sababu kivinjari kinaweza kubadili nafasi kuwa alama %20, na faili isipatikane.

Hatua ya pili: kutenga folda moja. Vielelezo vyote viwekwe mahali pamoja, kwa mfano C:\Barua. Kiungo kibebe jina la faili tu, kisibebe njia nzima ya kufikia folda. Faida ya kufanya hivyo itaonekana katika sehemu inayofuata.

Hatua ya tatu: kuandaa programu ndogo ya mpokeaji. Wengi hukwama hapa. Mtu husajili Notepad moja kwa moja kuwa mpokeaji, akabofya kiungo, na Notepad ikalalamika kwamba faili haipo. Sababu ni kwamba Notepad imekabidhiwa kiungo kizima, yaani barua:mkataba-shamba.txt, nayo inadhani hilo ndilo jina la faili. Anatakiwa awepo mpokeaji katikati, ambaye hukata neno tangulizi, hukagua jina lililobaki, kisha huifungua faili hiyo katika Notepad. Programu hiyo inaweza kuwa ya mistari michache, na mtu yeyote aliyejifunza misingi ya uandishi wa programu anaweza kuiandaa.

Hatua ya nne: kusajili neno. Katika Windows, usajili hufanyika kwenye rejista ya mfumo, mahali paitwapo HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes. Hapo hutengenezwa kipengele chenye jina barua. Ndani yake huwekwa thamani tupu iitwayo URL Protocol, ambayo ndiyo ishara kwamba hili ni neno tangulizi la viungo. Kisha chini yake hutengenezwa shell\open\command, na hapo huandikwa mahali ilipo programu ya mpokeaji, ikifuatwa na "%1" ndani ya alama za kunukuu. Alama hiyo ndiyo nafasi ambamo kiungo huwekwa kinapokabidhiwa. Alama za kunukuu zisiachwe, kwa kuwa bila hizo kiungo kinaweza kukatika vipande na kusomwa kama maagizo kadhaa. Kabla ya kugusa rejista, nakala ya akiba itunzwe, na asiye na uzoefu amwombe mwenye ujuzi.

Hatua ya tano: kujaribu. Kijana abofye kiungo kwenye ukurasa wake. Kivinjari kitauliza iwapo kifungue programu ya mpokeaji. Akikubali, Notepad itafunguka na kielelezo kitakuwa tayari kwa kuhaririwa. Kielelezo chenyewe kiwekwe katika hali ya kusomwa tu, ili barua ya mteja wa leo isihifadhiwe juu yake na kusomwa na mteja wa kesho.

Angalizo hili la mwisho ni zaidi ya usafi wa kazi. Barua ya mteja huwa na jina lake kamili, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, na pengine kiasi cha fedha. Hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya azitunze kwa usalama na kuzitumia kwa lengo lililokusudiwa tu. Mwenye duka afute faili ya mteja baada ya kazi kukamilika, isipokuwa mteja mwenyewe ameomba itunzwe.

Mpokeaji asiye makini

Tumesema kivinjari hukabidhi kiungo na kuondoka. Kiungo kile cha barua hakijui kama kimebofywa kwenye ukurasa wa dukani au kwenye tovuti ya mtu wa mbali. Ukurasa wowote duniani unaweza kuandika kiungo kinachoanza kwa barua: na kumshawishi mtu akibofye. Mpokeaji akiwa mtu wa kukubali kila kitu, mgeni ataweza kuagiza faili yoyote ifunguliwe, au hata programu iendeshwe.

Hatari hii imewahi kuonekana kwa programu kubwa. Mwishoni mwa Mei 2022 iligundulika kasoro katika Windows iliyopewa jina la Follina. Windows ilikuwa na neno tangulizi ms-msdt, lililosajiliwa kwa ajili ya chombo cha kuchunguza matatizo ya kompyuta. Wahalifu walitengeneza hati za Word ambazo, zikifunguliwa, ziliita kiungo chenye neno hilo pamoja na maagizo yaliyofichwa. Chombo kile kilipokea na kutekeleza. Microsoft ilitoa marekebisho tarehe 14 Juni 2022. Kompyuta ambazo hazikusasishwa baada ya hapo ziliendelea kuwa wazi, ingawa dawa ilikuwa imepatikana.

Kwa hiyo, mpokeaji wa duka letu la Kighare azingatie kanuni hizi:

1. Afungue faili zilizomo katika folda moja tu iliyotengwa. Jina lenye nukta mbili za kufuatana au alama ya mkwaju likataliwe, kwa kuwa hizo hutumika kutoka nje ya folda.
2. Afungue faili za maandishi zinazoishia kwa .txt pekee.
3. Afungue faili ili ihaririwe, asiendeshe kitu chochote.
4. Asitengeneze wala kufuta faili kwa agizo la kiungo.
5. Akikutana na kiungo asichokielewa, asifanye lolote.

Msomaji ambaye hana duka wala hatatengeneza mpokeaji wake ananufaika pia kwa kuzijua kanuni hizi. Kila programu anayoisakinisha inaweza kuwa inasajili neno tangulizi bila yeye kuambiwa. Njia ya kujilinda ni kusakinisha programu chache, kutoka vyanzo rasmi, kuziondoa zisizotumika, na kuruhusu mfumo endeshi usasishwe kila marekebisho yanapotolewa.

Mfano wa pili: simu ya mama

Wengi wetu mlango huu tunaupitia kwa simu zaidi kuliko kwa kompyuta, na ndiyo simu inayotunza fedha zetu.

Tuchukue mfano wa mama mkulima wa Kighare. Wiki hiyo amelipwa fedha za kahawa kwa simu, nazo ni ada ya mtoto anayeingia kidato cha tano. Anapokea ujumbe mfupi kwamba amechaguliwa kupata ruzuku ya mbolea, na kwamba akamilishe usajili kwa kubofya kiungo. Anabofya. Ukurasa unafunguka wenye kitufe cha kijani kilichoandikwa "Pokea ruzuku". Anabonyeza kitufe, na ghafla kipiga simu kinajitokeza, kikiwa na alama ambazo hazielewi. Anaamua kupita dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa. Nimeambiwa nibonyeze kitufe cha kupiga ndipo mbolea itoke."

Kijana anatazama skrini. Kuna nyota mbili, namba 21, nyota, kisha namba ya simu ya mtu, na alama ya reli mwishoni.

"Mama, usibonyeze. Hii si namba ya mbolea. Ukipiga hivi, simu zako zote zitakuwa zinakwenda kwa mtu huyu."

"Zinakwenda kwake vipi, nami simu ninayo mkononi?"

"Simu utabaki nayo, mama. Lakini benki wakikupigia, au mtoto akikupigia, ataitikia yeye, na watadhani wanaongea na wewe."

Kijana alikuwa sahihi. Alama **21* ikifuatwa na namba na alama ya reli ni agizo la kawaida la mitandao ya simu duniani, la kuhamishia simu zote zinazoingia kwenye namba nyingine. Agizo lenyewe ni halali na lina matumizi mema, kwa mfano kwa mtu aliyeacha simu moja nyumbani. Tapeli hulitumia ili simu za uthibitisho zinazoelekezwa kwa mwenye laini zimfikie yeye. Kitufe cha "Pokea ruzuku" hakikuwa na uhusiano wowote na mbolea. Kilikuwa kiungo chenye neno tangulizi tel, na kivinjari kilitimiza wajibu wake wa kukikabidhi kwa kipiga simu.

Hapa msomaji aone umuhimu wa hatua ile ndogo iliyomwokoa mama: kipiga simu kilionesha alama na kusubiri abonyeze mwenyewe. Si mara zote ilikuwa hivyo. Septemba 2012, katika mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta uitwao Ekoparty, mjini Buenos Aires nchini Argentina, mtafiti Ravi Borgaonkar alionesha kwamba ukurasa wa tovuti ungeweza kukabidhi kiungo cha tel chenye msimbo maalumu kwa baadhi ya simu za Samsung, na simu ikafuta taarifa zake zote bila kumuuliza mwenyewe. Baada ya hapo marekebisho yalitolewa. Simu za iPhone, kwa upande wao, hazipigi namba ya kiungo yenye nyota au alama ya reli. Hata hivyo, simu ya zamani isiyosasishwa inaweza kuwa bado na udhaifu, na hakuna marekebisho yatakayomzuia mwenye simu kubonyeza kitufe cha kupiga kwa hiari yake.

Kanuni ya simu ni fupi. Msimbo wenye nyota na reli uandikwe na mwenye simu kwa mkono wake, akijua unafanya nini. Msimbo ulioletwa na kiungo usipigwe. Kadhalika, namba ya siri ya huduma za fedha iandikwe tu katika menyu ya mtandao wako au katika programu rasmi ya mtoa huduma. Ukurasa wa tovuti uliofunguka kwa kiungo cha ujumbe mfupi hauna haki ya kuijua.

Dirisha la ruhusa: mahali ambapo mtumiaji ni mwamuzi

Katika mifano yote miwili, baina ya kiungo na programu kuna hatua ya kusimama. Kwenye kompyuta ni dirisha la ruhusa, na kwenye simu mara nyingi ni kitufe cha kupiga au cha kutuma. Watu wengi hulichukulia dirisha hilo kama usumbufu wa kuondolewa haraka, wakabonyeza "Open" au "Allow" bila kusoma. Hata kama lugha ya dirisha ni ya kigeni, mtumiaji ajiulize maswali matatu:

1. Nani anaomba? Dirisha kwa kawaida hutaja anwani ya tovuti. Je, ndiyo tovuti niliyokusudia kuifungua?
2. Anataka kufungua nini? Dirisha hutaja programu au aina ya kiungo. Je, programu hiyo inahusiana na kazi ninayoifanya? Fomu ya kuomba mkopo wa elimu haina sababu ya kufungua kipiga simu.
3. Nimekiita mimi? Je, dirisha limetokea baada ya mimi kubofya, au limejitokeza lenyewe?

Jibu la swali lolote likiwa na shaka, kitufe cha kubonyeza ni "Cancel", yaani kughairi. Kughairi hakuharibu kitu. Ikionekana baadaye kwamba kiungo kilikuwa halali, kinaweza kubofywa tena.

Vivinjari vingi huweka pia kisanduku cha kukubali daima, kwamba tovuti hii isiulizwe tena. Kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa tovuti unayoiamini, kisanduku hicho huokoa muda. Kwenye kompyuta ya steshenari, ya shule au ya ofisi ya kikundi kisiwekewe alama, kwa kuwa ruhusa inayotolewa na mteja mmoja itabaki kwa wateja wote watakaofuata. Aliyekwisha kuiweka anaweza kuirekebisha. Katika Firefox, kwa mfano, ukurasa wa mipangilio una sehemu ya programu, inayoorodhesha maneno tangulizi na programu zinazoyapokea, na mtumiaji anaweza kuchagua aulizwe kila mara.

Njia nyingine ya kujikinga ni kukisoma kiungo kabla ya kukifungua. Kwenye kompyuta, weka kielekezi juu ya kiungo bila kubofya, na anwani yake itaonekana chini ya dirisha la kivinjari. Kwenye kivinjari cha simu, gandamiza kiungo kwa muda badala ya kukigusa na kuachia, na anwani itajitokeza. Tazama neno la mwanzo. Kama si https wala http, jua kwamba kwa kawaida kiungo kinaelekea nje ya kivinjari. Kama ni https, bado soma jina la tovuti lililofuata, maana neno hilo huthibitisha namna ya usafirishaji tu, wala halithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti.

Ukiwa umekwisha kubonyeza

Kosa likitokea, muda una thamani kubwa kuliko aibu. Mtumiaji achukue hatua zifuatazo bila kuchelewa:

1. Kama simu zako zimehamishwa, andika mwenyewe ##002# na upige. Agizo hili hufuta uhamishaji wote wa simu. Kutazama hali ilivyo, piga *#21#.
2. Badili namba ya siri ya huduma ya fedha kupitia menyu ya mtandao wako.
3. Piga namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja, ueleze kilichotokea. Ikiwa fedha zimetoka, taja muda na kumbukumbu namba ya muamala.
4. Tuma ujumbe wa kitapeli kwenda namba 15040, kisha ufuate maelekezo ya kutaja namba iliyokutumia. Usiufute ujumbe kabla ya hapo, kwa kuwa ni ushahidi.
5. Piga *106# ukague laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona laini usiyoitambua, toa taarifa kwa mtoa huduma.
6. Fedha au taarifa zikiwa zimeibwa, toa taarifa kituo cha polisi. Kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini na kufanya udanganyifu kwa kutumia kompyuta ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mtumiaji ana haki ya kupokelewa na kusikilizwa na mtoa huduma wake. Asiporidhika na majibu aliyopewa, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Atunze nakala za ujumbe, tarehe alizopiga simu, na majibu aliyopewa.

Maswali ya kujipima

1. Mwenye duka amesajili Notepad moja kwa moja kuwa mpokeaji wa neno barua. Akibofya kiungo, anaambiwa faili haipo, ingawa anaiona katika folda. Kosa liko wapi?
2. Unajaza fomu kwenye kompyuta ya steshenari. Dirisha linauliza iwapo tovuti ifungue programu ya barua pepe, na chini kuna kisanduku cha kukubali daima. Utafanya nini?
3. Jirani anasema kiungo hakiwezi kuwa cha kitapeli kwa sababu kinaanza na https. Utamjibuje?

Majibu

1. Notepad imekabidhiwa kiungo kizima pamoja na neno tangulizi. Panahitajika mpokeaji wa kati atakayekata neno hilo na kukagua jina kabla ya kufungua faili.
2. Soma ni tovuti gani inayoomba. Kama ndiyo uliyoikusudia na barua pepe inahitajika, kubali kwa mara hiyo tu. Kisanduku kiache kitupu, kwa kuwa kompyuta si yako peke yako.
3. Neno https huonesha kwamba mawasiliano yamefungwa kwa siri baina ya kifaa na tovuti. Tapeli naye anaweza kuwa na tovuti ya namna hiyo. Kinachopaswa kukaguliwa ni jina la tovuti na kile inachokuomba ufanye.

Hitimisho

Kijana wa steshenari alitumia neno tangulizi kurahisisha kazi yake, na tapeli alijaribu kutumia neno tangulizi kumwibia mama ada ya mtoto. Njia ilikuwa ileile. Kivinjari hakikuwatofautisha, kwa kuwa si kazi yake kuwatofautisha. Aliyetofautisha ni mtu aliyesimama kidogo, akasoma kilichoandikwa mbele yake, kisha akaamua. Msomaji wa somo hili anaombwa amfundishe mtu mmoja mwingine nyumbani kwake kusoma neno la mwanzo la kiungo, hasa yule anayepokea fedha kwa simu na ambaye humpa mtu mwingine simu yake amsomee ujumbe.